Mnunuzi wa Gari Asihadaiwe na Rangi

Mzee wa Bungoma anapokwenda sokoni Chwele au Kimilili kununua fahali, huwa hana haraka. Humzunguka mnyama yule mara mbili au tatu bila kusema neno. Humfungua kinywa akahesabu meno, humpapasa mgongo na mbavu, humtembeza hatua kadhaa aone kama anachechemea, kisha humgeukia muuzaji na kumsaili. Fahali huyu ametoka boma la nani? Alizaliwa na ng'ombe wa aina gani? Na kwa nini anauzwa leo? Majibu yasipomtosheleza, mzee huchukua fimbo yake akaondoka, hata kama mnyama mwenyewe amenona na ngozi yake inang'aa. Hakuna amwonaye kuwa mtu wa shari. Huo ndio ununuzi kama alivyofunzwa na babaye.

Ajabu ni kwamba mwana wa mzee huyo huyo, aliyesoma akahitimu na sasa ni mwalimu wa shule ya upili, huingia katika yadi ya magari mjini Kitale au Bungoma siku ya Jumamosi, akaona gari lililooshwa na kupigwa rangi, akaketi nyuma ya usukani, akafungua redio ikalia vizuri, na kabla ya jua kutua amekwisha kutoa ahadi ya laki saba. Fundi hakumwita. Gari limetoka wapi hakuuliza. Fahali wa shilingi elfu sitini alikaguliwa hadi kinywani, lakini gari lenye thamani ya zaidi ya mara kumi ya fahali huyo limekaguliwa kwa macho ya mapenzi.

Nia yangu leo si kumkejeli mwalimu. Nia yangu ni kumkumbusha jambo ambalo wazee wake walilijua kabla ya gari la kwanza kupanda mlima wa Elgon, kwamba mnunuzi mwerevu hanunui umbo, hununua historia. Gari lililotumika ni kama mtu mzima. Lina maisha yake ya nyuma, na maisha hayo ndiyo yatakayoamua jinsi litakavyokutendea.

Kwanza tutazame hasa kinachowekwa hatarini. Mwalimu hachukui fedha za gari kutoka kapuni. Huzikopa, mara nyingi kutoka chama cha akiba na mikopo, na kuzilipa kwa makato ya mshahara. Tuseme amekopa shilingi 700,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua, na atalipa kwa miezi 60. Hesabu hii mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifanya. Kila mwezi atakatwa takriban shilingi 15,570, na mwisho wa miaka mitano atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 934,000. Fedha hizo hazijagusa bima, mafuta, tairi wala fundi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlinda kwa kusema kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Hata hivyo, theluthi moja inayosalia ndiyo ya unga, karo na matibabu.

Gari likiharibika katika mwezi wa tatu, makato hayaharibiki nalo. Yataendelea kwa miezi 57 zaidi. Nani asiyejua boma ambamo gari limesimama juu ya mawe, nyasi zimeota chini yake, kuku wametaga katika kiti cha nyuma, na mwenyewe bado anakwenda shuleni kwa bodaboda huku hati yake ya mshahara ikionyesha mkopo wa gari? Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Si hasara ya chuma peke yake. Ni karo ya mtoto, ni ploti ambayo haikununuliwa, ni amani ya nyumba.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii twaifundisha darasani, na wanafunzi huiandika katika insha zao bila kuihoji. Lakini je, ni kweli katika soko la magari yaliyotumika? Methali ina sharti ambalo haikulitamka, nalo ni kwamba mnunuzi awe na uwezo wa kukitambua kilicho kizuri. Embe bovu hunuka, na kitambaa kibovu huchanika mkononi. Gari bovu halinuki. Likisuguliwa na kupakwa rangi, hung'aa sawasawa na lililo zima, na pengine hulishinda.

Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani, George Akerlof, alichapisha makala mafupi juu ya jambo hili hili. Majarida matatu yalikuwa yameyakataa kabla ya la nne kuyapokea, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Wamarekani huliita gari bovu limau, na Akerlof alijiuliza soko huwaje pale ambapo muuzaji anajua kama anauza limau na mnunuzi hajui.

Tulieleze wazo lake kwa mfano wa Kitale. Kuna magari mawili ya aina moja na rangi moja. Moja ni zima na thamani yake ni shilingi 800,000. La pili ni bovu, na thamani yake halisi ni shilingi 400,000. Mnunuzi, kwa kuwa hawezi kuyatofautisha, anaona ni busara kutoa bei ya katikati, yaani shilingi 600,000. Mwenye gari zima husikia bei hiyo akakasirika, akarudi nalo nyumbani. Mwenye gari bovu husikia bei hiyo hiyo akatabasamu. Basi sokoni husalia mabovu, wanunuzi wakalia, bei zikashuka, na wenye magari mazuri wakazidi kujitenga. Hivyo ndivyo kibaya kinavyokifukuza kizuri sokoni, na methali yetu ikapinduka.

Wakulima wa Trans Nzoia walikutana na mkasa huu kabla ya wanunuzi wa magari. Mji wa Kitale ndio makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya, na mkulima wa huko anajua kwamba punje ya mahindi iliyotiwa rangi ya dawa haimwambii mtu kama ni mbegu ya H614 halisi au ni mahindi ya chakula yaliyopakwa rangi na walaghai. Punje haisemi. Ndiyo maana siku hizi pakiti za mbegu hubandikwa kibandiko chenye namba ya siri, mkulima akaikwangua na kuituma kwa simu ili ajue kama pakiti ni ya kweli. Aliyewahi kupanda mbegu bandia hulipia funzo hilo kwa msimu mzima. Gari nalo lina vibandiko vyake, ila wengi wetu hatujui kuvikwangua.

Zamani haja hiyo haikuwa kubwa hivi. Kabla ya milango ya biashara kufunguliwa mapema katika miaka ya 1990, magari mengi mapya yaliyouzwa nchini yaliunganishwa papa hapa Kenya, katika viwanda vya Nairobi, Thika na Mombasa. Magari yalikuwa machache. Peugeot 504 ya mwalimu mkuu ilijulikana mji mzima, na fundi aliyeifungua injini alijulikana pia. Aliyetaka kuinunua aliuliza watu watatu akapata historia yake yote. Soko lilipofunguliwa, magari yaliyotumika yakamiminika kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa, na kwa kweli yamewanufaisha wengi. Probox, ambayo Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka 2002 kama gari la mizigo midogo ya maduka na ofisi, leo hubeba watu, maziwa, viazi na wagonjwa kutoka vijiji vya mlima hadi mjini. Lakini wingi huo uliiondoa ile elimu ya mtaani. Gari lililoendeshwa Osaka na kuuzwa Kitale halina jirani wa kuulizwa. Sharti tujifunze kuuliza karatasi.

Na karatasi zipo. Nchini Japani gari jipya la kibinafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2. Ukaguzi huo ni ghali, na ni moja ya sababu za Wajapani kuyauza magari yao yangali na nguvu. Mengi hupitia minadani, na kila moja huandikiwa karatasi ya mnada yenye daraja lake. Daraja la 4 au 4.5 ni la gari lililotunzwa. Herufi R humaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa likakarabatiwa. Isitoshe, cheti cha Kijapani cha kuruhusu gari kutoka nchini huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye mita yake. Basi muuzaji akikuonyesha gari ambalo mita yake inasoma kilomita 68,000, usimbishie na wala usimwamini. Mwombe kwa upole karatasi ya mnada na cheti cha kutoka Japani. Mita hurudishwa nyuma kwa dakika chache, lakini si rahisi kurudisha nyuma karatasi iliyoandikwa Japani. Muuzaji mwaminifu atakuletea. Asiye nayo atakueleza habari ndefu, na urefu wa habari yenyewe ni jibu.

Jambo la pili ni umri. Wakenya wengi huupima kwa herufi za bamba. Mtu husikika akijigamba kwamba amenunua KD, kana kwamba herufi ndizo cheti cha kuzaliwa. Herufi hizo, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2020, huonyesha wakati gari lilipoandikishwa Kenya, na hazisemi liliundwa lini. Kanuni ya Shirika la Ubora wa Bidhaa hukataza kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe kwa mara ya kwanza. Kwa mfano, gari lililoingia mwaka 2025 lilitakiwa liwe limeandikishwa mara ya kwanza mwaka 2018 au baadaye. Maana yake ni kwamba gari lenye bamba la mwaka 2020 linaweza kuwa liliundwa mwaka 2013. Mwaka wa kuundwa umo katika hati ya umiliki, ile ambayo watu wengi huiita logibuku. Usome huo, uache bamba.

Hapa yafaa niseme neno kwa wakaaji wa mpakani. Bungoma na Trans Nzoia zimepakana na Uganda, na kutoka Malaba, Lwakhakha na Suam huja habari za magari ya bei ya chini mno. Sababu haifichiki. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda huruhusu kuingizwa kwa magari yenye umri wa hadi miaka 15, ilhali Kenya huishia 8. Gari la miaka 12 lililo halali Mbale halina njia ya kuandikishwa Bungoma. Anayekuambia kwamba utaliendesha tu na mambo ya ushuru yatatengenezwa baadaye anakuuzia kesi. Maafisa wa forodha wakilikamata, aliyelipokea fedha zako atakuwa ng'ambo ya mto, nawe utabaki na ufunguo usio na gari.

Jambo la tatu ni mwenyewe. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, husema kwamba yule ambaye jina lake limeandikwa katika daftari ndiye huhesabiwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa ada ndogo, mtu yeyote mwenye namba ya gari aweza kuomba taarifa zake kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani kwa njia ya mtandao. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha yule anayekuuzia. Linganisha namba ya chesisi na ile ya injini iliyomo karatasini na zile zilizochorwa katika chuma, kwa macho yako mwenyewe, si kwa kusomewa. Ukiona pamekwaruzwa, pamechomelewa au pamepakwa rangi mpya mahali pa namba, aga uondoke.

Ukiona jina la benki limeandikwa pamoja na la mtu, fahamu kwamba gari lina deni na haliwezi kuwa lako mpaka benki iliachilie. Kuna na madeni yasiyoonekana katika hati. Siku hizi watu wengi huweka logibuku rehani kwa wakopeshaji wa haraka. Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika ilianzisha rejista ambamo rehani za namna hiyo huandikwa, na mtu anaweza kupekua. Mwalimu anayejua kumtuma mwanafunzi maktabani hashindwi kupekua rejista kabla ya kutoa laki saba.

Baada ya karatasi ndipo tuje kwenye chuma. Nenda asubuhi na mapema. Kitale ipo juu, na baridi yake ya alfajiri ni mtahini mwema wa injini. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha uguse boneti kwa kiganja. Likiwa na joto, ujue kuna kitu kilichofichwa na joto hilo. Liwashe huku mtu mwingine akitazama nyuma. Moshi wa samawati humaanisha injini inakunywa oili. Moshi mweusi ni mafuta mengi yasiyoungua sawasawa. Moshi mweupe ulio mzito na usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili kwamba maji yanaingia mahali yasipopaswa. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama maziwa, huenda maji na oili vimekutana, na hiyo ni kazi ya kufungua injini.

Kisha uzunguke gari lile mara tatu kama mzee wa Chwele. Simama mbali kidogo, juani, uangalie kama rangi ya milango inafanana na ya boneti. Angalia mipira ya madirisha kama imedondokewa na rangi, kwani kiwandani haidondokewi. Angalia bolti za bawa la mbele kama zina alama za spana, ishara kwamba bawa liliwahi kuondolewa. Soma tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zikiwa kuukuu kuliko hadithi ya muuzaji, amini tairi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukiona mstari wa matope ndani, gari hilo liliwahi kuogelea. Washa swichi bila kuwasha injini, uhakikishe taa ya onyo ya mfuko wa hewa inawaka kisha inazimika. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeizima, na aliyeizima alikuwa na sababu.

Kwa Probox na magari ya namna yake kuna uchunguzi wa ziada. Baadhi yake yamefanya kazi ya kubeba abiria katika njia za mlima, watu wanane au kumi mahali pa watano, mvua na kiangazi, kisha yakavuliwa mstari wa manjano na kuuzwa kama gari la mama mmoja aliyekuwa akienda nalo kanisani Jumapili. Tafuta alama za mstari chini ya rangi mpya, hasa kwenye kingo za milango. Inua mkeka uone matundu ya bolti za viti vya ziada. Tazama kanyagio la breki. Likiwa limelika mpaka chuma huku mita ikisema kilomita 60,000, kanyagio ndilo linalosema kweli.

Hatimaye liendeshe, si kuzunguka yadi bali katika barabara mfano wa ile utakayoishi nayo. Anayefundisha upande wa Kapsokwony alipandishe mlima. Anayefundisha Kiminini alipeleke kwenye lami, kisha kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, akiwa amezima redio na kufungua dirisha, asikilize magurudumu yanagonga wapi. Achia usukani kidogo mahali palipo wazi na salama, uone kama gari linakwenda moja kwa moja au linavuta upande.

Najua wengi watasema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Kweli kabisa, na ndiyo maana ninasisitiza fundi. Lakini awe fundi wako, usiyetafutiwa na muuzaji wala na dalali wake. Mlipe yeye bila kujali kama utanunua au la, ili asiwe na faida katika kukwambia ndiyo. Hata akikutoza shilingi 7,000, hiyo ni sehemu moja tu kati ya mia ya bei ya gari. Kwa fedha hizo umenunua kile ambacho Akerlof alisema mnunuzi hukikosa, yaani ule ujuzi alio nao muuzaji. Sijui bidhaa nyingine sokoni iliyo na bei nafuu kuliko hiyo.

Wapo wanaojituliza kwa kusema kwamba gari likiwa bovu watakwenda mahakamani. Ni haki yao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, na haki ya kufidiwa. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuyaamua katika siku 60. Hata hivyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina mipaka ambayo mnunuzi hana budi kuijua. Sharti la ubora humbana zaidi yule ambaye kuuza magari ndiyo kazi yake, kuliko jirani anayeuza gari lake moja. Tena aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipasa kuifichua. Soma pia mkataba kabla ya kutia sahihi. Ukikuta maneno kwamba gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo, elewa kwamba muuzaji anajaribu kunawa mikono yake kabla ya mlo. Mwombe aandike kilomita, mwaka wa kuundwa, na kama gari liliwahi kugongwa. Akikataa kuandika yale aliyoyasema kwa mdomo, basi hakuyasema.

Malipo yapitie benki ili pabaki ushahidi, na uhamisho wa jina usicheleweshwe. Siku hizi hufanywa katika mtandao wa serikali. Muuzaji huanzisha, mnunuzi hukubali. Sheria haiachi gari liendeshwe barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila jina jipya kuandikishwa. Hili lamhusu muuzaji pia. Aliyeuza gari akaacha jina lake daftarini, siku litakapomgonga mtu huko Webuye ndiye atakayetafutwa kwanza.

Je, nimewatukana wenye yadi? Sivyo. Katika hesabu ya Akerlof, wa kwanza kuumia ni mwenye gari zuri, kwani ubaya wa wenzake humshusha bei. Mfanyabiashara mwaminifu wa Kitale au Bungoma ana faida kubwa katika kuanika karatasi za mnada ukutani, kumkaribisha fundi wa mteja bila kununa, na kutoa dhamana ya maandishi ya miezi mitatu kwa injini na gia. Yadi ya kwanza kufanya hivyo daima, bila kusukumwa, itapata wateja wa walimu shule baada ya shule, kwani chumba cha walimu ni gazeti lisilonunuliwa. Na wanunuzi tukizoea kuuliza, hata muuzaji asiyetaka atalazimika kujibu.

Madalali nao wanajua kalenda yetu. Wanajua mwezi ambao mahindi ya Trans Nzoia yameuzwa, wanajua likizo ya Desemba, na wanajua mikopo inapotoka. Ndipo utakaposikia kwamba kuna mtu mwingine anakuja saa kumi na fedha taslimu, na usipoweka arbuni sasa gari limekwenda. Mwache aje. Haraka haraka haina baraka, na magari yataendelea kushuka kutoka melini Mombasa wiki ijayo na ile itakayofuata.

Kwa wanafunzi wasomao ukurasa huu, msidhani kwamba haya hayawahusu kwa kuwa hamna mshahara. Mkifika nyumbani, mwombeni mzazi awaonyeshe hati ya gari la familia au la jirani, mlinganishe mwaka wa kuundwa na herufi za bamba, na mpige hesabu ya mkopo wa miezi 60. Mtakuwa mmesoma hisabati, uchumi na Kiswahili kwa wakati mmoja, na pengine mtakuwa mmemwokoa mtu.

Na wewe mwalimu uliyekwisha kujaza fomu ya mkopo, Jumamosi ukienda kutazama gari, usiende peke yako. Nenda na fundi wako, na ukiweza uende na babako. Huenda hajui injini inavyofanya kazi, lakini anajua kumzunguka fahali bila kusema neno, na anajua kuchukua fimbo yake akaondoka.